Aliyerudi Kutoka Mlangoni mwa Mauti: Ameona Nini, au Atafanya Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuhuisha na kufisha, na kwake ndiyo marejeo ya kila kiumbe. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Muhula huu umezuka mjadala katika hosteli zetu hapa Arua, na umefika hata kwenye baraza la msikiti baada ya swala ya Isha. Baadhi ya ndugu wamekuwa wakipokezana flashi yenye tamthilia ya zamani ya Kimarekani iitwayo The Sopranos. Ilionyeshwa na kituo cha HBO kuanzia 1999 hadi 2007, sehemu 86 kwa jumla, na inamhusu Tony Soprano, mkuu wa genge la majambazi katika jimbo la New Jersey. Kinachobishaniwa ni sehemu za mwanzo za msimu wa sita, zilizotoka Machi 2006. Humo Tony anapigwa risasi tumboni na ami yake, mzee ambaye akili zimeanza kumpotea. Anabaki hospitalini bila fahamu, na watazamaji wanaingizwa ndani ya kichwa chake. Huko si jambazi tena. Ni mfanyabiashara aliyekwama hotelini mjini Costa Mesa, California, amebeba mkoba wa mtu mwingine, na watu wanamwita kwa jina lisilo lake. Mwishowe anafika kwenye nyumba yenye taa nyingi. Mtu aliyesimama nje anamkaribisha ndani na kumtaka auache ule mkoba. Anasita, anasikia sauti ya mtoto wa kike ikimwita baba, kisha anazinduka kitandani, na binti yake yuko kando.

Tangu ilipotoka, watazamaji hawajakubaliana, na ndugu zetu nao hawakukubaliana. Wapo wanaosema ile nyumba ni akhera na mkoba ni mzigo wa madhambi yake. Wengine wanasema pale ni toharani, mahali ambapo Wakatoliki wanaamini roho husafishwa. Wengine wanasema hakuna roho pale, ni ubongo uliochoka na kulewa dawa za hospitali. Wengine wanaona ni maisha ambayo angeishi kama asingechagua ujambazi. Kisha ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza: je, sisi Waislamu tuseme kwamba mtu yule aliona barzakh?

Kabla ya kujibu, niliweke wazi jambo moja. Tamthilia hiyo ina uchi, matusi na damu nyingi, na makala haya hayampeleki mtu kuitafuta. Lakini walioiona wameshaiona, na swali la itikadi likishaulizwa mbele ya watu halifai kuachwa likining'inia.

NANI ANAZUNGUMZA?

Kila aliyewahi kukaa katika kibanda cha video, kiwe cha Arua au cha Koboko, anamjua VJ. Filamu inakwenda, VJ anatafsiri kwa Kiganda, na anaongeza chumvi yake. Mwigizaji akitamka maneno matatu, VJ atatamka ishirini, na huenda akamtia ndani hata muuza chapati wa mtaani. Tunacheka kwa sababu tunajua yapi ni ya filamu na yapi ni ya VJ.

Sasa tumtazame Tony Soprano kwa jicho hilohilo. Mtu huyo hakuona barzakh, kwa sababu hakuwahi kuwako. Waandishi walikaa mezani wakaamua aone hoteli, mkoba na nyumba yenye taa. Mtazamaji anayebishana kuhusu maana ya taa zile anabishana kuhusu fikra za waandishi. Hilo linaruhusiwa kama tunavyochambua hadithi yoyote darasani. Kosa linaanza pale tunapolitoa hilo kwenye flashi na kulipandisha katika mlango wa imani.

Atasema mtu: sawa, lakini wapo wagonjwa wa kweli waliosimulia mambo yanayofanana na hayo. Ni kweli wapo. Mwaka 2001 daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel, na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti juu ya wagonjwa 344 ambao mioyo yao ilisimama na madaktari wakafanikiwa kuiamsha tena. Kati yao 62 walisema wanakumbuka kitu cha kipindi kile: mwanga, njia ndefu, jamaa waliotangulia, au utulivu mkubwa. Wale wengine 282 hawakukumbuka chochote.

Hatuna sababu ya kuwaita wale 62 waongo. Mtu husimulia alichokipitia. Lakini hatuna pia ruhusa ya kujenga itikadi juu ya masimulizi yao, kwa sababu mbili. Kwanza, habari za ghaibu huchukuliwa kutoka kwenye wahyi. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu roho, alifundishwa katika Sura Al-Israa, aya ya 85, kwamba hilo ni jambo la Mola wake, na kwamba elimu tuliyopewa wanadamu ni chache. Pili, katika Sura Al-Muuminuun, aya ya 99 na 100, tunaelezwa hali ya mtu aliyefikiwa na mauti yenyewe anayeomba arudishwe. Ombi lake linakataliwa, na mbele yake kuna kizuizi, nacho ndicho barzakh, mpaka siku ya kufufuliwa. Basi mgonjwa aliyerudi akawa anazungumza nasi wodini hakuwa amevuka kizuizi hicho. Alisogea karibu na mlango, na Mwenyezi Mungu akamwongezea muda. Tukisema zaidi ya hapo kuhusu alichokiona, tutakuwa tumejifanya VJ wa mambo ya ghaibu, tunatia maneno ambayo hatukuyasikia.

WALIORUDISHWA NDANI YA QUR'ANI

Kuna watu ambao Qur'ani yenyewe imetueleza kwamba walirudishwa, na hawa ndio tunaopaswa kuwaangalia kwanza. Tutazame walirudi na nini.

Wa kwanza yumo katika Sura Al-Baqara, aya ya 259. Wafasiri wengi wanamtaja kuwa ni Uzair. Alipita karibu na mji uliobomoka, akastaajabu vipi Mwenyezi Mungu atauhuisha baada ya kufa kwake. Mwenyezi Mungu akamfisha miaka 100, kisha akamfufua na kumuuliza amekaa muda gani. Akajibu kuwa amekaa siku moja au sehemu ya siku. Angalieni, ndugu zangu! Huyu alikufa kweli, karne nzima, na aliporudi hakusimulia mwanga wala njia. Alichokisema kilikuwa makisio ya muda, nayo hayakuwa sahihi. Dalili aliyopewa ilikuwa mbele ya macho yake hapa duniani: chakula chake ambacho hakikuharibika, na mifupa ya punda wake iliyoinuliwa na kuvishwa nyama. Akaondoka na yakini kwamba Mwenyezi Mungu ni Muweza wa kila kitu.

Wa pili ni vijana wa pangoni katika Sura Al-Kahf, ambayo wengi wetu tunaisoma kila Ijumaa. Hao walilala tu, lakini walilala miaka 300 na tisa zaidi. Walipoamka nao walidhani ni siku moja au sehemu ya siku. Kisha wakafanya nini? Wakamwachia Mwenyezi Mungu elimu ya muda waliokaa, wakamtuma mmoja wao mjini na fedha yao, na wakamuusia atafute chakula kilicho safi zaidi. Watu wametoka katika usingizi wa karne tatu, na wasia wao ni kwamba tonge litakaloingia mdomoni liwe safi.

Wa tatu ni kisa cha jinai hasa, mauaji ambayo muuaji wake hakujulikana. Kimo katika Sura Al-Baqara, aya ya 72 na 73. Mtu aliuawa katika Wana wa Israili, wakasukumiana lawama. Wakaamrishwa wampige maiti kwa sehemu ya ng'ombe waliyemchinja, na Mwenyezi Mungu akamhuisha. Wafasiri wameeleza kuwa aliinuka, akamtaja aliyemuua, kisha akafa tena. Hapakuwa na maswali kuhusu yaliyoko upande wa pili. Alirudishwa kwa muda mfupi, na muda huo ukatumika kuisimamisha haki iliyofichwa.

Ukiviweka visa hivi vitatu pamoja utaona jambo moja. Waliorudishwa hawakutuletea picha za ghaibu. Mmoja alirudi na yakini, wengine na tahadhari ya halali, mwingine na haki ya mtu. Kwa hiyo anaporudi mtu kutoka mlangoni mwa mauti, swali la Kiislamu ni hili: muda ulioongezewa unautumia vipi?

ZAWADI ILIYOSAHAULIWA

Hapa ndipo watazamaji wa tamthilia ile walipopitwa na jambo lililo wazi kuliko taa za ile nyumba. Tony anapotoka hospitalini anasema kwamba kuanzia sasa kila siku kwake ni zawadi. Kwa muda mfupi anakuwa mpole, anasamehe jambo moja au mawili. Halafu taratibu anarudi palepale: fedha za dhuluma, wanawake, vipigo. Katika sehemu iliyotoka Mei 2007 anapata ajali ya gari akiwa na Christopher, kijana aliyemlea kikazi kama mwanawe. Kijana amejeruhiwa na anatapatapa. Tony, aliyeombewa na watu wodini mwaka mmoja tu kabla, anamziba pua mpaka anakufa. Na huyo Christopher naye, katika msimu wa pili, alipigwa risasi, moyo ukasimama kidogo, akazinduka akisema kwamba ameona jahanamu. Aliyesema ameona jahanamu alirudi kwenye ujambazi uleule. Kuona hakukumsaidia.

Waandishi wale hawakuwa wakifundisha dini yetu, lakini katika hili walimwelezea mwanadamu vile alivyo. Sura Al-An'aam, aya ya 27 na 28, inatueleza watu watakaosimamishwa mbele ya Moto, watamani kurudishwa na waahidi kuamini. Mwenyezi Mungu anatujulisha kwamba lau wangerudishwa, wangeyarudia yaleyale waliyokatazwa. Na katika Sura Yunus, aya ya 22 na 23, wapo wasafiri wa jahazi waliozingirwa na mawimbi. Walimwomba Mola wao kwa ikhlasi yote na kuahidi shukrani. Alipowafikisha nchi kavu wakaanza uovu tena.

Kwa hiyo asidhani mtu kwamba anachokosa ili atubu ni kuonyeshwa tu. "Ningeona kidogo, ningeacha." Hapana, ndugu yangu. Walioonyeshwa na wakaacha waliacha kwa sababu walifanya uamuzi na wakaulinda kila siku.

HAPA KWETU

Sisi watu wa West Nile hatuhitaji HBO itufundishe maana ya kurudi. Wazee wetu wa Arua, Koboko na Yumbe walikimbilia Zaire na Sudan katika machafuko yaliyofuata kuanguka kwa serikali ya Idi Amin mwaka 1979. Juni 1981, watu waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu kabisa na mji wa Arua, walishambuliwa na askari na wengi wakauawa. Wapo waliotoka hai, Waislamu na Wakristo. Wengi wa walimu waliotufundisha Juzuu Amma ni watu waliorudi kutoka ukimbizini, au ni watoto wa waliorudi. Walirudi na magodoro vichwani, wakalima, wakatufundisha alifu na bee. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yao.

Na hivi karibuni yupo ndugu yetu mmoja, ambaye ameniruhusu nimtaje bila jina. Alianguka na bodaboda jioni kwenye lami ya kwenda Koboko, akapigwa kichwa, akakaa siku mbili bila fahamu. Alipozinduka, kila aliyemtembelea alimuuliza: "Uliona nini?" Akawajibu kwamba hakuona kitu, ilikuwa kama usingizi usio na ndoto. Jamaa yake mmoja akamwambia labda imani yake ni dhaifu, ndiyo maana hakuonyeshwa. Maneno hayo yalimuumiza kuliko jeraha.

Ndugu yangu, na kila aliyewahi kuambiwa hivyo baada ya malaria kali au upasuaji: mtu wa Al-Baqara alikufa miaka 100 na hakusimulia kitu. Nani atasema imani yake ilipungua kwa hilo? Kutokuona si aibu, na kuona si cheti.

Lakini ndugu huyu alifanya jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Kabla ya ajali alikuwa amekabidhiwa sehemu ya karo ya mwanafunzi mwenzake, shilingi 150,000, akazitumia kisha akakana kuwa alizipokea. Hapakuwa na shahidi. Alipoweza kutembea alimwendea mwenyewe, akakiri, akaanza kulipa kidogo kidogo. Huyo ndiye aliyefanana na maiti wa Wana wa Israili: amerudishwa, na jambo la kwanza ni kuifichua haki iliyofichwa. Aliniomba niongeze na hili, ili msimwone walii: miezi imepita, deni limekwisha, lakini Alfajiri imeanza tena kumponyoka. Anapambana nayo. Muombeeni, na mjiombee.

SISI SOTE NI WALIORUDISHWA

Huenda msomaji anasema: mimi sijawahi kuzimia, makala haya si yangu. Fungua Sura Az-Zumar, aya ya 42. Mwenyezi Mungu huzichukua roho wakati wa kufa kwake, na zile ambazo hazijafa huzichukua katika usingizi wake. Huizuia ile iliyohukumiwa kifo, na nyingine huirudisha mpaka muda maalumu. Jana usiku roho yako ilichukuliwa. Asubuhi hii imerudishwa. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alitufundisha, kabla hatujagusa kitu, kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuhuisha baada ya kutufisha. Wengi wetu tunaigusa simu kwanza.

Na wa mwisho wa kuzingatiwa ni mwigizaji mwenyewe. James Gandolfini, aliyeigiza kuzinduka kwa Tony, alifariki kwa mshtuko wa moyo mjini Roma tarehe 19 Juni 2013, akiwa na miaka 51. Alikuwa safarini na familia yake. Mwandishi alimwandikia Tony kurudi, lakini kwa Gandolfini muda ulikuwa umefika. Nasi hakuna anayetuandikia kurudi kesho.

Basi tufanye nini, hasa sisi wa vyuo? Anza na haki za watu. Mtume (s.a.w.) aliwahi kuletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Leo usiku andika kwenye karatasi unadaiwa na nani: pesa za simu ulizokopa, laptopu ya mtu, kodi ya chumba mliyochanga. Mtume (s.a.w.) amehimiza kwamba Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili ila wasia wake umeandikwa. Karatasi hiyo mpe mtu mwaminifu ajue ilipo.

Kisha tazama tonge lako, kama vijana wa pangoni. Kulipwa kwa kumwandikia mwenzako kazi ya darasani ni tonge. Kuuza majibu ya mtihani ni tonge. Kisha mpigie simu mzazi mliyenuniana naye, awe Koboko, Yumbe au kambini Rhino. Usingoje muitane kutoka kwenye kitanda cha wodi.

Na tawba ina mlango ambao bado uko wazi, lakini una wakati wa kufungwa. Mtume (s.a.w.) ametujulisha kwamba tawba ya mja hukubaliwa maadamu roho haijafika kooni. Firauni aliamini maji yakiwa yamemfika, katika Sura Yunus, akaambiwa: sasa hivi ndiyo? Masharti unayajua: acha dhambi, juta, azimia kutorudia, na kama kuna haki ya mtu, irudishe. Shika pia rafiki mmoja wa kukugongea mlango Alfajiri, kwa sababu azimio la mtu peke yake huchakaa upesi, kama tulivyoona.

Ewe Mola wetu, uliyezirudisha roho zetu asubuhi ya leo, tujaalie tuitumie siku hii kwa unayoyaridhia. Wasamehe wazazi wetu na walimu wetu waliotangulia, na wale waliokufa ugenini katika miaka ya ukimbizi. Waponye wagonjwa wetu walio wodini, na wanaposimama tena wape uthabiti. Tufishe tukiwa Waislamu, hatudaiwi haki ya mtu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.